Kabla ya kuuliza mwamba una miaka mingapi

Siku ya kwanza nilipopelekwa kusoma miamba uwandani, nilifika na nyundo mkononi na haraka moyoni. Nilivunja vipande, nikaandika majina: basalti, itale, mwamba wa mchanga. Jioni mwalimu alilitazama daftari langu, akauliza: "Kipi kilitangulia?" Sikuwa na jibu.

Kama unaanza, nakusihi uiache nyundo mkobani nusu saa ya kwanza. Simama mbali kidogo na ukuta wa mwamba, uchore. Jicho huruka mambo mengi, lakini mkono unaochora lazima uamue kila mstari unaanzia wapi na unakatiza nini.

Kisha panga matukio. Kanuni za msingi alizieleza mwanasayansi wa Denmark, Nicolas Steno, mwaka 1669: tabaka la chini lilitangulia la juu, na mashapo, yaani mchanga na tope linalotuama, hutuama yakiwa bapa. Ukiona matabaka yameinama, kuna kilichoyasukuma baadaye. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyopenya na kukatiza matabaka imekuja baada yake. Usisahau pia kwamba matabaka yanaweza kukunjwa mpaka yakapinduka, ya chini yakawa juu. Hapo tafuta nyufa za tope la kale: tope likikauka, ufa huwa mpana juu na mwembamba chini. Litazame dimbwi likikauka leo, utaujua ufa huo hata ukiwa ndani ya jiwe.

Mwaka 1788 mwanajiolojia James Hutton alifika kwa mashua Siccar Point, pwani ya Uskoti. Pale kuna matabaka yaliyosimama karibu wima, na juu yake matabaka mekundu yaliyolala kwa mwinamo mdogo. Yale ya chini yalitandazwa baharini, yakawa mwamba, yakakunjwa, yakainuliwa, yakalika, ndipo mchanga mwekundu ukatua juu yake. Leo tunajua kwamba kati ya makundi hayo mawili kuna pengo la miaka milioni 60 hivi. Hutton hakuwa na kipimo chochote cha umri, lakini mpangilio wenyewe ulimtosha kuona kwamba Dunia ni ya kale mno. Nikiwa mbele ya mwamba wowote, mstari wa pengo kama huo ndio ninaoutafuta kwanza.

Vipimo vya maabara vije baada ya hapo. Chembe ya zirkoni, madini magumu yanayopatikana ndani ya miamba, hubeba urani, ambayo hugeuka polepole kuwa metali ya risasi kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo umri wake hupimika vizuri sana. Ila saa hiyo huanza kuhesabu chembe inapoumbika, si inapozikwa kwenye mchanga. Huko Jack Hills, Australia, zimepatikana zirkoni za miaka bilioni 4.4 ndani ya mwamba ambao mashapo yake yalitua takribani miaka bilioni 3 iliyopita. Niliwahi kuuchukulia umri wa zirkoni kuwa ndio umri wa mwamba wa mchanga, na kazi ya miezi ikabidi irudiwe.

Baadaye nilirudi kwenye ukuta ule wa siku ya kwanza, safari hii na penseli. Nilipofika kwenye nyufa za tope niliufuta mchoro mara mbili, nikidhani nimekosea. Zote zilikuwa pana upande wa chini.