Re: Matete yanarudi kila nikifyeka lambo

Salaam mkuu. Umesema umefyeka matete yenye vichwa vya kahawia mara tatu na kila mara yanachipua upya. Nilihangaika na hayo hayo kwenye lambo letu la mifugo.

Kwanza angalia unakatia wapi. Ukikata juu ya maji unayapogoa tu. Majani na vishina, hata vilivyokauka, ndivyo vinavyopeleka hewa kwenye mizizi iliyo topeni. Kata chini ya maji, kisiki kizame kabisa, mzizi ukose hewa uoze. Mimi nilikata yalipoanza kutoa vichwa, nikarudia machipukizi yalipotokeza. Usisubiri vichwa vipasuke: kimoja hubeba mbegu zaidi ya laki moja, na upepo hufanya kazi yake. Kingoni, penye maji ya kifundo cha mguu, panga halisaidii. Ng'oa mizizi kwa jembe kiangazi. Vaa buti ndefu, konokono wa kichocho hupenda humo.

Sijui kina cha lambo lako, kwa hiyo pima. Panapozidi mita moja na nusu hayastawi sana, ila tope likijaa yanasogea. Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, limesongwa hivyo hivyo.

Tafadhali usiyamalize yote. Acha ukanda pale maji yanapoingilia: hunasa tope na mbolea ya mashambani, na ndege hutaga humo. Uliyokata anika kivulini, yanafaa kusukia mikeka na kuezekea banda.