Hazina ya La Buse, fumbo lake, na sarafu uliyookota

Je, dhahabu ya La Buse ipo kweli? (Msomaji, Kibokoni)

Mali ilikuwepo. Aprili 1721, haramia Mfaransa Olivier Levasseur, aliyeitwa La Buse, pamoja na Mwingereza John Taylor waliiteka merikebu ya Wareno, Nossa Senhora do Cabo, huko Saint-Denis, kisiwani Réunion. Ilikuwa inatoka Goa na almasi, imevunjwa na tufani, na mizinga mingi imeshatupwa baharini ili isizame. Haikuwa na nguvu ya kupigana.

Shaka yetu iko kwenye kufukiwa. Maharamia waligawana mafungu, kila baharia na lake, na Taylor mwenyewe aliishia kwa Wahispania upande wa Panama. Mali iliyogawanywa hivyo hairudi ikajaa shimo moja. La Buse alinyongwa Réunion mwaka 1730. Inasimuliwa kwamba akiwa kitanzini aliwarushia watu karatasi ya mafumbo, lakini fumbo hilo lilichapishwa 1934, na mwanahistoria Charles de La Roncière. Miaka 204 baadaye! Hata hivyo Reginald Cruise-Wilkins alichimba Bel Ombre, Ushelisheli, tangu 1949 hadi alipofariki 1977, akipambana na maji ya bahari yaliyokuwa yakijaa mashimoni.

Nina picha ya fumbo hilo. Nalisomaje? (Majengo)

Chora mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo ikatane, upate vyumba 9. Chora alama ya X, upate 4. Rudia yote mawili, safari hii ukitia nukta kila chumba. Jumla ni 26, herufi moja kila chumba, na umbo la kuta zake ndilo alama ya herufi hiyo. Linganisha nakala mbili au tatu kabla ya kuanza, maana nukta moja ikipotea katika kunakili, herufi inakuwa nyingine. Utakachopata ni Kifaransa kilichovurugika: jozi ya njiwa, kichwa cha farasi. Mahali hapatajwi.

Na Mombasa hakuna? (Tudor)

Ipo merikebu. Santo António de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua 1977 hadi 1980, na vyombo vyake viko katika jumba la makumbusho la ngome. Ukitaka sarafu, tazama Mtambwe Mkuu, Pemba: mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, vijisarafu vidogo mno.

Mashine ya kutambulia vyuma inalia kila mahali ufuoni. (Nyali)

Ni chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme. Punguza ukali wa mashine, irekebishe upya papo hapo mchangani, kisha tembea sambamba na maji badala ya kupanda na kushuka ufuo. Sarafu iliyozidi sentimita 30 chini ni nadra kuisikia. Lakini kuchimba kutafuta mambo ya kale bila leseni ni kosa kwa sheria ya Makumbusho ya 2006.

Nimeokota sarafu kuukuu shambani. Niisugue kwa ndimu? (Likoni)

Hasha! Ndimu italamba maandishi, na maandishi ndiyo yanayotaja mtawala na zama zake. Iache na udongo wake, ifunge kwenye karatasi kavu, piga picha mahali ulipoiokota, kisha ipeleke Fort Jesus. Kama ni chuma kilichotoka baharini, kiweke ndani ya maji na usikianike kabisa: kikikauka, chumvi iliyomo huganda na kukipasua vipande.