Usisaini kwamba umeacha kazi mwenyewe
Mdogo wangu, umesema kiwanda cha korosho hapo Mtwara kimekupunguza baada ya miaka mitatu, na bosi anataka usaini barua kwamba umeacha mwenyewe. Usithubutu! Fao la upotevu wa ajira la NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) halimhusu aliyeacha kwa hiari. Dai barua ya kupunguzwa na cheti cha utumishi, kisha kagua michango yako, maana wapo waajiri wanaokata na hawapeleki. Ukiwa umechangia miezi 18 au zaidi, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Si nyingi, ila unga utanunua. Ukipata kazi nyingine, waarifu NSSF, fao linakoma. Namba ya uanachama inabaki ileile. Bosi aking'ang'ania, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 30 tangu uachishwe.