Mimi ningeanzia kwa pipa la maji

Swali lenu la wiki hii nimelipenda, mji ukiwa wakua kila siku ni kitu gani kimoja mngefanya watu wasiugue ovyo. Najua wengi watawaandikia hospitali na madaktari. Mimi nasema maji ya mfereji, tena yaje siku inayojulikana.

Sensa ya 2009 Mombasa tulikuwa kama watu 939,000, ya 2019 tumepita milioni 1.2, na maji bado yatoka mbali, chemchemi za Mzima kule Taita Taveta kwa bomba la enzi za mkoloni na Baricho huko Kilifi. Bomba likipasuka ama stima ikipotea, mifereji yakauka. Sasa kila mtu aweka akiba. Ingia nyumba yoyote ya Kiswahili pale Majengo ama Kisauni, kila mpangaji ana pipa lake mlangoni na madumu mengine uvunguni, na hapo ndo ugonjwa waanzia, manake mbu wa homa za dengi na chikungunya hana haja na mtaro mchafu, yeye ataka maji masafi yaliyotulia, yani yale yale tuliyonunua kwa mkokoteni. Mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya ilivyotupiga mnakumbuka, vijana wazima wajikokota kama vikongwe, viungo vimekaza, wengine miezi na miezi.

Na mbu huyu auma mchana. Neti ni nzuri kwa malaria, usiitoe, lakini saa nne asubuhi mama yuko uani afua, neti itamfaa nini? Ule moshi wa dawa nao (watoto huukimbilia kama sikukuu, Mungu atusamehe) huua mbu wanaoruka siku hiyo basi. Mayai yako kwenye ukuta wa pipa, yameganda, hata pipa likauke hayafi, yangoja maji miezi, na yakishapata, kwa joto letu hili wiki moja hivi ushapata mbu mwenye mabawa. Kumwaga peke yake hakutoshi, ni kusugua kwa brashi kila wiki halafu ufunike kwa kanga na uikaze kwa mpira.

Ila nani atamwaga maji ya kununua? Hapa ndo wakubwa wa afya hunichekesha, watubandikia mabango ati tuondoe maji yaliyotuama, na mfereji haujatoa tone tangu wiki jana! Watoe ratiba ya mgao mtaa kwa mtaa, itumwe kwa meseji, Likoni Jumanne, Kisauni Alhamisi, na waifuate. Mtu akiwa na hakika Alhamisi maji yaja, Jumatano atafulia yaliyobaki na pipa atalisugua bila kusukumwa na mtu. Yale matairi yaliyorundikwa nyuma ya magereji yakijaa mvua hayo wayabebe wao, sisi hatuna lori.