Presha haina kawaida ya kubisha hodi
Wapo wanaosema mzee aliyelima viazi kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, hadi uzeeni bila kuumwa kichwa hawezi kuwa na presha. Hapana, hilo si uthibitisho kwamba hana shinikizo la juu la damu (ndiyo presha yenyewe), kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi hukaa kimya mpaka umeshaharibu figo, moyo au mishipa ya ubongo. Kipimo ndicho kinachoamua: 140 kwa 90 au zaidi, kikithibitishwa siku nyingine. Nimemuuguza mama hapa Uyole, aliyekuwa akinyunyiza chumvi mbichi kwenye viazi kabla hata ya kuonja, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kazi ya shamba inasaidia kweli, lakini aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache bila kumuuliza daktari.