Kazi ya kikundi isiwe kazi ya mtoto mmoja

Ingia darasa lenye watoto 70, sema "kaeni kwenye vikundi mjadiliane", kisha zunguka baada ya dakika tano. Mmoja anaandika, wawili wanamchungulia, waliobaki wanapiga soga. Walimu wengi huishia kusema watoto hawa hawajui kushirikiana. Ni kweli hawajui, maana kuzungumza na wenzako ukiwa kazini hufundishwa kama kuzidisha na kugawanya.

Swali ndilo huharibu kazi mapema kuliko kitu kingine. "Tajeni dalili tatu za malaria" halihitaji kikundi. Anayezijua ataandika na wenzake watanakili. Sema hivi: "Mbu wamezidi mtaani kwenu. Mna siku moja na majembe mawili. Mtaanza wapi, na kwa nini?" Hapo kuna la kubishania.

Njia nyingine ni kugawa maarifa yenyewe. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali na uhasama ukapanda madarasani. Kila mtoto anapewa kipande chake tu: mazalia ya mbu, dalili, kinga, tiba. Wenye kipande kilekile kutoka vikundi mbalimbali wakutane kwanza dakika kumi wakielewe, ndipo kila mmoja arudi kufundisha kikundi chake. Usiiruke hatua hiyo ya kukutana. Mtoto anayesoma kwa shida akiirukia kazi ya kufundisha bila kuandaliwa, ataaibika na wenzake watamchoka.

Kuhusu ukaaji, watoto wa dawati la mbele wageuke kuwatazama wa nyuma. Kwa madawati ya watatu unapata sita, nao ni wengi mno kwa mjadala; waanze watatu watatu, kisha waelezane. Karatasi iwe moja, ikae katikati. Ukiona mwandishi ameifunika kwa mkono, jua mjadala umeshakufa.

Kwa waongeaji sana na wasiofungua mdomo, tumia visoda, yaani vifuniko vya chupa za soda. Kila mtoto ashike vitatu. Anayetoa hoja anaweka kimoja katikati, na vikimwishia ananyamaza mpaka wenzake wote wamalize vyao. Mpole atajaribu kukwepa: ataweka kisoda na kusema "naunga mkono". Kisihesabiwe, mpaka atoe sababu au aulize swali. Muongeaji naye ataazima vya rafiki yake, kwa hiyo kuwe na mtu wa kuangalia. Baada ya vipindi vitatu au vinne viondoe, la sivyo mazungumzo yanageuka foleni ya kumaliza visoda.

Andika ubaoni maneno ya kupingana bila kutukanana: "Hapo sijakubali, kwa sababu…", "Hebu rudia, sijakupata", "Naongezea alichosema…". Wayatamke kwa sauti kabla ya kazi. Mtoto anayemwambia mwenzake "acha ujinga" mara nyingi hana kauli nyingine ya kupingia.

Sekondari kuna kikwazo cha ziada: masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na ukimya wa kikundi mara nyingi ni woga wa lugha, wala si wa hoja. Waache wajadiliane kwa Kiswahili, kisha dakika za mwisho watafute Kiingereza cha walichokubaliana. Najua shule nyingine hukataza. Huko utapata vikundi vimya na daftari zilizonakiliwa.

Kazi za msomaji, mwandishi na mtunza muda zizunguke kila kipindi. Usipoangalia, wasichana watageuzwa makarani wa kudumu kwa sababu ya mwandiko mzuri.

Msemaji asichaguliwe kabla. Wape namba 1 hadi 6, kisha mwishoni taja namba yoyote na mwenye nayo asimame. Akikwama, kikundi kipewe dakika moja kumweleza, halafu umuulize tena yeye yuleyule.