Kuhusu nan-e nokhodchi kumomonyoka
Ikiwa nan-e nokhodchi vyako vinamomonyoka, hujakosea kupika, ndivyo vilivyo. Vibiskuti hivi vya Iran ni unga wa dengu zilizokaangwa, sukari laini, samli na iliki. Ngano haimo, kwa hiyo hakuna cha kuvishikilia. Donge lipumzike kwanza, kisha likatwe kwa kibati chenye umbo la ua la petali nne, na juu ubandike kipande cha pistachio. Moto uwe mdogo; vikigeuka kahawia, ujue umeviunguza. Wairani huviandaa kwa Nowruz, mwaka wao mpya unaoanza Machi 20 hivi, kwa sababu siku zile ni za kutembeleana na mgeni hapewi chai tupu. Kitie kizima mdomoni, usimege! Ukimega utafagia zulia.